Kasha la Mama Stacy

Madam Abir aliivumilia laptop yake kwa miaka mitano. Asubuhi aliiwasha, akaenda kuoga, akavaa, akanywa kahawa, na akirudi bado kile kiduara kilikuwa kinazunguka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya wasichana, na mitihani yote aliiandikia humo. Mumewe, ambaye watumishi walimwita bosi, alimwambia mara nyingi aipeleke kwa fundi. Hapo Shumaisi, mtaa wa Riyadh walipokaa, mafundi walikuwa tele. Madam hakutaka hata kusikia. Fundi ni mwanamume, na ndani ya laptop mlikuwa na picha zake zote tangu aolewe. Mlikuwa pia na video za harusi ya mdogo wake, yeye na dada zake wakicheza vichwa wazi na mabega wazi, kwenye ukumbi wa wanawake peke yao ambako simu za wageni zilikusanywa mlangoni. Alikuwa radhi kusubiri kiduara maisha yake yote.

Kwa hiyo Machi ya mwaka 2016, siku walipokuwa wakifunga mizigo kwenda Jeddah kwa likizo ya shule, Rael, mtumishi wake Mkenya, alipozungumza, madam aliacha kukunja nguo akamsikiliza.

"Madam, mume wangu ni fundi wa kompyuta. Yuko Jeddah, Hindawiyah." Alisema kwa Kiarabu cha jikoni, kile kile alichojifunzia kwenye sufuria na sabuni.

"Mumeo anamwogopa Mungu?"

"Sana, madam."

"Basi utakaa naye mpaka amalize. Macho yako yawe kwenye kompyuta, si kwa mume. Akifungua picha moja tu, unafunga, unarudi nayo. Umefahamu?"

"Nimefahamu, madam."

Rael aliinama kufunga zipu ya sanduku ili madam asimwone usoni. Miezi kumi na tisa alikuwa hajamtia Japheth machoni. Walitoka Kangundo kwa maajenti wawili tofauti, na wote wawili waliwaambia Riyadh na Jeddah ni kama Machakos na Nairobi, wikendi mnatembeleana. Walipofika ndipo walipojua kwamba ni mwendo wa gari wa kutwa nzima, na kwamba mfanyakazi wa ndani hana wikendi.

* * *

Duka lilikuwa jembamba hivi kwamba mteja wa pili ilibidi angoje barabarani. Kafili wa Japheth, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, alikuja jioni tu kuchukua mauzo. Mchana kutwa Japheth alikuwa peke yake na bisibisi zake. Shafiq, dereva wa madam, Mbangladeshi mpole aliyependa kulala, aliegesha gari mbele ya kioo cha duka na kushusha kiti chake nyuma.

"Mama Stacy," Japheth alisema.

"Baba Stacy."

Hawakugusana. Kioo kilikuwa kikubwa na barabara ilikuwa na watu. Japheth alifuta stuli kwa shati lake akamkalisha.

"Umekonda."

"Na wewe umenenepa. Nani anakupikia?"

"Kuna Myemeni hapo ng'ambo, wali wake ni wa nguvu. Lete hiyo mashine."

"Madam amesema nisikuache peke yako nayo. Ukifungua picha, nifunge nirudi."

"Na usiniache kabisa," Japheth alisema akicheka. "Kaa hapo unilinde hadi kesho."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alifungua skrubu za chini, akatoa diski ya zamani, akaipachika kwenye kidude chenye matundu mawili, na tundu la pili akatia diski mpya nyembamba, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Kidude kikaanza kunakili kila kitu kutoka huku kwenda kule. Kwenye kioo chake zilionekana namba tu. "Unaona? Mimi siangalii kitu cha mtu," Japheth alisema. "Ikimaliza narudisha hii mpya mahali pake, anakuta kila kitu chake kilivyokuwa, ila sasa inakimbia. Ni kama saa moja na nusu."

Rael aliomba moyoni kidude kiharibike kidogo.

Ndipo Japheth alipotoa simu yake akamwonyesha Stacy. Rael aliruhusiwa simu ya vibonye pekee, isiyo na kamera. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile tangu siku ya kwanza. Sauti ya mtoto aliisikia kila Ijumaa. Uso wake alikuwa nao kwenye picha moja ya pasipoti, mtoto wa miaka minne aliyeogopa mpiga picha. Sasa alimwona akitembea. Alimwona akikimbiza kuku wa bibi yake Keziah, akiimba nyimbo za Sunday school mkono kiunoni, akisoma namba hadi hamsini na kuruka thelathini na nane kila mara. Rael alilia bila sauti, akicheka, akijifuta kwa shungi la abaya, huku Japheth akiangalia barabarani asije Shafiq akaamka.

"Nitumie hizi."

"Kwa hiyo kabambe yako ya vibonye?" Japheth alikuna kichwa. Kidude kilikuwa kimemaliza, na ile diski ya zamani ilikuwa mbele yake, bado na joto. Akaishika, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua yai. "Hii bado nzima. Ilikuwa imezeeka kwa mwendo tu, nafasi iko kibao. Nyumba yenu haina TV ya zamani?"

"Iko moja chumba cha pasi. Walitoa sebuleni."

"Iko na tundu la USB?"

"Sijui. Iko na tundu tundu nyuma."

Alichukua rafuni kasha jeusi la plastiki, la kununuliwa, akatia pesa yake mwenyewe kwenye droo ya kafili. Akatia diski ndani, akaunganisha na kompyuta yake, akahamishia humo video zote kumi na nne. Halafu akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya kifuniko, kwa herufi kubwa, kama alivyoandika kwenye kila diski ya duka lile, ile Y yake ikiwa na mkia mrefu hadi chini: MAMA STACY.

"Na vitu vya madam? Umefuta?"

"Hapana. Hapa niko na sharti langu moja, diski ya zamani ya mteja haifutwi kabla mwezi haujaisha. Mpya ikigoma, mteja anarudi akilia, namrudishia vitu vyake. Hilo sharti limeniokoa mara tatu."

"Si basi nimpatie yeye aiweke?"

"Ataitupa kwa droo, na wewe utakosa. Wewe weka kama stoo yako. Vitu vyake viko upande wake, vya Stacy viko upande wake. Mwezi ukiisha nitakuelekeza kwa simu namna ya kufuta."

"Nimwambie madam?"

"Umwambie nini? Yeye aliomba mwendo, mwendo amepata."

Wote wawili hawakukumbuka kwamba kufuta kunahitaji kompyuta, na Rael angekuwa na televisheni tu. Wote wawili walikuwa wanamwangalia Stacy. Shafiq akapiga honi. Rael alilisokomeza kasha kwenye pakiti ya pedi ndani ya mkoba, mahali pekee ambapo madam hakupekua, na Japheth akampa mkono jinsi anavyompa mteja.

Jioni ile laptop ya madam iliwaka kabla hajaketi vizuri. Alipiga makofi. "Mumeo ana mikono ya dhahabu!" alisema, akampa Rael boksi la tende. Hakuuliza diski ya zamani ilikwenda wapi, kwa sababu hakujua kama kuna kitu kiitwacho diski ya zamani. Kwake yeye kompyuta ilikuwa kompyuta, na fundi alikuwa ameitia dawa.

* * *

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, na wakati wa joto kilikuwa tanuri. Rael alikuwa akikiogopa. Tangu Machi alianza kukipenda. Madam alishangaa kuona kanzu za bosi zinapigwa pasi mara mbili.

Tundu lilikuwapo. Televisheni ilifikiri kidogo, kisha ikamleta Stacy. Ubaya wake ni kwamba haikujua upande wa huyu na upande wa yule. Ilikusanya video zote za diski kwenye foleni moja na kuzicheza mfululizo. Ikimaliza ya kumi na nne ya Stacy, inaanza harusi. Siku ya kwanza Rael aliona ngoma, nywele, na mgongo wa madam unaong'aa kwa jasho, akairukia rimoti kana kwamba imeshika moto. Toka siku hiyo aliijua saa ya kuzima. Ya kumi na nne ilikuwa ya jino. Stacy anafungua mdomo mbele ya kamera, anaonyesha pengo, anasema, "Mami, jino imetoka. Nimeiweka kwa kibiriti, nitakuonyesha. Zimebaki siku ngapi za kulala?" Hapo Rael anabonyeza.

Mwezi uliisha. Japheth alipompigia amwelekeze, aliuliza, "Uko na kompyuta karibu?" Wakacheka wote. "Basi wacha tu. Ukienda leave utaenda nayo nyumbani, ifutwe huko."

Na leave ilikuwa karibu. Tarehe kumi Agosti miaka miwili ilikuwa inatimia, na bosi alikuwa amekwisha nunua tiketi. Aliionyesha kwenye simu yake, jina lote, Rael Mueni, Riyadh hadi Nairobi. Stacy alikuwa ameambiwa. Kila Ijumaa alitaja siku za kulala zilizobaki, na sasa hakuwa akiruka namba.

Jumatatu moja ya Julai, wiki ya pili baada ya Idi, Rael alikuwa kwenye kanzu ya tatu aliposikia madam anapiga kelele juu. Mtoto mdogo alikuwa ametapika kitandani. "Rael! Yalla, Rael!" Aliichomoa pasi, maana alikwisha kupigwa kofi kwa ajili ya pasi, akakimbia. Televisheni aliiacha na Stacy wa kumi na moja.

Kutapika kulikuwa kwingi. Shuka, godoro, zulia, mtoto mwenyewe.

Shafiq alikuja kuchukua kanzu ya bosi. Siku zote alibisha mlango wa jiko akangoja nje. Siku hiyo alibisha, akasikia ngoma na vigelegele, akadhani Rael hasikii kwa ajili ya muziki. Akaingia hadi mlango wa chumba cha pasi. Kwa miaka minne alimwendesha madam Abir shuleni na sokoni na kwa mama yake, na hakuwahi kumwona hata kidevu. Alimjua kwa sauti. Sauti ile sasa ilikuwa inaimba kwenye televisheni, na mwenye sauti alikuwa na nywele hadi kiunoni.

Shafiq alirudi garini bila kanzu. Alikaa nyuma ya usukani, akili ikimwenda mbio. Akinyamaza, na mwingine akagundua, itasemwa Shafiq alikuwa akitazama na yule Mkenya. Hakumchukia Rael, mara ngapi alimnunulia vocha na kukataa kurudishiwa. Lakini alikuwa na watoto watatu kwao Comilla. Bosi alipotoka kuuliza kanzu yake iko wapi, Shafiq alimwambia akiwa ameinamisha kichwa, na alianza na kuapa kwamba alifumba macho.

* * *

Kasha jeusi liliwekwa juu ya meza ya kioo, katikati ya sebule. Bosi alikuwa amelichomoa mwenyewe, akiwa amejiziba macho kwa ncha ya shumagi, kile kitambaa chake cha kichwani, kwa sababu kwenye harusi ile walikuwamo mashemeji zake. Alikataza mtu yeyote asilichomeke tena popote. Alikuwa mtu wa heshima, kila mtu Shumaisi alisema hivyo.

Madam aliketi amejikunja pembeni ya kochi, analia. Rael alisimama. Mikono yake ilikuwa inanuka matapishi.

"Sijauliza kitu bado," bosi alisema. "Usifungue mdomo. Toa simu."

Rael alimpa ile ya vibonye. Bosi alitafuta jina la Japheth, akapiga, akaweka sauti ya nje. Rael alihisi nafuu, ndiyo, nafuu. Japheth angeeleza. Angeeleza lile sharti la mwezi mmoja, angeomba msamaha, angesema kosa ni la fundi. Alikuwa na maneno mazuri kwa wateja.

"Mama Stacy, niambie," Japheth aliitika kwa furaha.

"Mimi ni kafili wa mkeo."

Kule Hindawiyah bisibisi ilitulia mkononi.

"Naam, bosi. Salamu alaikum, bosi."

"Ile laptop ya nyumbani kwangu. Diski ya zamani iko wapi?"

Zikasikika honi za Jeddah. Japheth aliielewa sauti ile. Aliwahi kusikia habari ya fundi wa Kihindi wa mtaa wa pili, aliyekutwa na picha za wake za watu; duka lilifungwa kabla ya alasiri na yeye hakuonekana tena. Akafikiri jela. Akafikiri ikama, kibali chake cha kukaa nchini, kafili, karo ya Stacy, deni la shamba. Akafikiri pia kwamba Rael ni mwanamke, watamgombeza tu, watoto wao wanampenda, madam mwenyewe alimsifu. Hakukosa maneno ya kujidanganya. Yalimjia mengi na yalimjia upesi.

"Nilimpa Rael, bosi," alisema. "Nilimwambia ampe madam mkononi. Si amempa?"

Rael alifungua mdomo. Bosi akainua kidole.

"Hakutoa. Alikuwa nayo yeye, miezi minne."

"Lo," Japheth alisema. "Sijui hilo, bosi."

"Wewe uliangalia kilichomo?"

"Wallahi, bosi, sikuangalia." Japheth alikuwa Mkristo, na hakuwahi kuapa hivyo maishani mwake. "Mimi nilimpa tu amrudishie mwenyewe."

"Kwa hiyo mkeo ni mwizi."

Honi nyingine, mbali.

"Bosi, mimi siko huko. Mimi siwezi kujua."

Bosi akakata simu. Akamgeukia Rael, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea kwa upole. "Ni kweli alivyosema mumeo?"

Kasha lilikuwa pale mezani na maandishi yake juu. Rael aliitazama ile Y yenye mkia. Ilitosha kusema hapana. Ilitosha kusema, bosi, mwambie Japheth aandike jina langu kwenye karatasi, halafu linganisha. Bosi, fungua hiyo diski, utamkuta mtoto wangu, niulize nani alimtia humo. Alimchukia Japheth kwa moyo wake wote, na wakati huo huo alimwona akitiwa pingu mbele ya kile kioo kikubwa, na Stacy akiulizwa shuleni baba yako yuko wapi.

"Ni kweli, baba," alisema.

"Niliiba, sema."

"Niliiba."

Madam aliinua uso. Wanja ulikuwa umemchuruzika. "Kwa nini? Nilikukosea nini? Ulikuwa unafanya nini nayo humo chumbani kila siku?"

Jibu la kweli lilikuwa na miaka sita na pengo la jino. Kulitoa hakukuwezekana, kwa sababu lingemtoa nje na yule aliyemtia mtoto humo. Rael akatafuta jibu jingine, na lililopatikana lilikuwa moja tu.

"Nilikuwa natazama harusi, madam."

"Unanitazama mimi?"

"Ndiyo, madam. Nilipenda nguo."

Madam aliondoka alipokuwa, akaja, akampiga kofi, halafu la pili, si kwa nguvu sana, maana alikuwa bado analia. "Mchafu," alisema. "Mchafu wewe. Na hapa juu umeandika nini?"

"Jina langu, madam."

"Rael haiandikwi hivyo."

"Ni jina la nyumbani."

Bosi alitaka kuita polisi. Madam alishika mkono wake. "Polisi ni wanaume. Watafungua. Watasema wanatafuta ushahidi, wataangalia wote, kituo kizima." Kwa hiyo polisi hawakuitwa, na Rael alitakiwa ashukuru, naye akashukuru. Bosi akafikiri, kisha akatoa simu yake, akaifungua ile tiketi aliyowahi kumwonyesha, na mbele yake akaifuta.

"Huendi popote," alisema. "Ukienda kwenu utatusimulia, na sijui kama una nakala nyingine. Utakaa hapa mpaka niwe na imani na wewe. Simu, mafi, hakuna tena. Pasipoti iko kwangu."

"Baba, mtoto wangu ameambiwa nakuja."

"Mtoto wako ana mama mwizi," madam alisema. "Hilo ameambiwa?"

* * *

Walimpa mchi wa kutwangia hiliki. Bosi alisimama kwenye kivuli cha mlango wa ua, akipigapiga kisigino chini, na Rael akapiga magoti kwenye vigae vya moto. Alifungua kasha, akaitoa diski. Pigo la kwanza liliteleza. La tatu likabonyeza bati, la saba likalipasua, na kumbe visahani vya ndani vilikuwa vya kioo. Vilivunjika vipande vidogo vinavyong'aa, vikatawanyika hadi kwenye chungu cha maua.

"Endelea," bosi alisema. "Mpaka iwe unga."

Akaendelea. Alimponda Stacy akikimbiza kuku, na Stacy akiimba, na thelathini na nane iliyorukwa, na jino kwenye kibiriti. Hakulia. Alikuwa anahesabu mapigo, kwa sababu akiacha kuhesabu angepiga kelele. Bosi aliporidhika alimwambia afagie, na hata kipande kimoja kisibaki kuwachoma watoto miguu.

Kasha lilikuwa limebaki kando, plastiki tupu. Hakuna aliyeliulizia. Rael alilitupa pamoja na takataka, isipokuwa kifuniko, ambacho alikitia kifuani.

* * *

Bosi alikuwa na ofisi ya vifaa vya ujenzi yenye kompyuta kumi na moja, zote zenye mwendo wa kobe. Mwanzoni mwa Agosti alipokuwa akilalamika, alimkumbuka yule fundi wa Jeddah. Huyo, alimwambia mkewe, ni mtu wa kutegemewa. Mkewe mwenyewe anaiba, yeye anasema ukweli. Akampigia kafili wake, wakaelewana, Japheth akakatiwa tiketi ya ndege kuja Riyadh kwa siku tatu.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe kumi.

Baada ya swala ya alasiri bosi alimleta nyumbani, kwenye chumba cha wageni wa kiume, chenye mlango wake wa barabarani, ili amlipe na amkabidhi diski za zamani. Jikoni madam aliweka vikombe kwenye sinia. "Mumeo yuko hapa," alimwambia Rael. "Huingii. Unabisha, unaweka chini, unarudi. Nikisikia sauti yako, halas, umekwisha."

Mlango ulikuwa mwembamba. Rael alisimama na sinia akamsikia.

"Bosi, naomba kitu kidogo. Naweza kumsalimia mke wangu?"

"Ulikuja kwa kazi au kutembea?"

"Kazi, bosi."

"Ameomba radhi, anaendelea vizuri. Nyumbani kwenu umewaambiaje?"

"Nimewaambia ameongeza mkataba kwa hiari yake."

"Vizuri. Hakuna haja ya kumwaibisha mtu."

Rael aliweka sinia chini. Akatoa kifuniko kifuani, kilikuwa na joto la mwili wake. Akakiweka kati ya birika na bakuli la sukari, maandishi juu. Hakujua hasa anataka nini. Labda alitaka Japheth ajue kwamba alikuwa nacho siku ile mezani, na hakukitumia. Labda alitaka asimame, aseme, bosi, huu ni mwandiko wangu. Alibisha mara mbili akarudi nyuma hatua tatu, si zaidi.

"Chukua chai," bosi alisema ndani.

Japheth alifungua mlango, akainua sinia, na akaona. Chai kidogo ikamwagika kwenye sinia. Nyuma yake, kwenye zulia, zilikuwa zimepangwa diski kumi na moja, kila moja na jina la mfanyakazi wa ofisi juu yake kwa wino mzito: YASIR, YAHYA, FAYEZ. Mikia mirefu hadi chini. Bosi alikuwa anazihesabu kwa kidole, kichwa kikiwa kimeinama.

Japheth alikigeuza kifuniko. Akaweka bakuli la sukari juu yake. Akamimina chai.

"Kumi na moja," bosi alisema. "Zote ziko hapa?"

"Zote, bosi."

"Hukubakiza hata moja?"

"Hata moja. Na zote nimezifuta siku ile ile. Siku hizi sisubiri."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Rael alisubiri ukutani hadi madam alipomwita. Sinia lilirudi jikoni baada ya nusu saa, Shafiq ndiye aliyelileta, akaliweka bila kumtazama akatoka. Vikombe vilikuwa vitupu. Chini ya bakuli la sukari kifuniko kilikuwa pale pale, na juu yake palikuwa na karatasi ya shashi, imelowa, imekuwa nyeusi. Japheth alikuwa ametumia chai ya moto na kidole. Alifuta vizuri, fundi ni fundi. Ulibaki mkia wa ile Y tu, pembeni, mahali shashi haikufika.

Madam alisogea akaangalia. "Hiki nini?"

"Cha kuwekea vijiko, madam," Rael alisema.

"Kioshe basi. Kisha kuna nguo za pasi."

Akakiosha.